Mtini wa Wifi

Juni 2, Jumapili

Daftari hili nimepewa na mwalimu wa darasa la ngumbaru, msichana anayeweza kuwa binti yangu. Akaniita kwa heshima, "Nna Dehbia, uandike kila siku, hata mstari mmoja." Nikamwambia herufi nilijifundisha mwenyewe kwenye makopo ya sadini miaka arobaini iliyopita, na darasani kwake nimefuata daftari la bure. Akacheka. Alidhani natania.

Nitaandika habari za mitini. Habari za watu anazo Malha, jirani yangu, anazitangaza kila asubuhi pale kwenye chemchemi bila kalamu na bila kukosea.

Nina mitini thelathini, kila mmoja wa namna yake. Kumi na minane imesimama kwenye ngazi tatu za bustani nyuma ya nyumba. Kumi na miwili iko kwenye madebe ya mafuta, inangoja nafasi. Huu nilipewa tawi lake harusini, ule nilileta tawi lake kutoka makaburi ya kijiji cha ng'ambo. Wafu hawakusema neno.

Wa thelathini na moja ni mzuri kuliko yote, uko katikati ya bustani yangu, na si wangu. Ni wa Ouiza, dada wa mume wangu.

Huku kwetu milimani ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti uliosimama juu yake ukawa wa yule. Ouiza aliporudishwa na mumewe akiwa na furushi moja la nguo, baba yake hakuweza kumpa ardhi, kwa kuwa ardhi haiendi kwa binti. Basi mzee akaita watu wa baraza, akamshika bintiye mkono, akamwekea kiganja kwenye gome. "Ardhi ni ya Meziane. Mti huu ni wa Ouiza, mizizi, matawi na tini zake." Mimi nilikuwa bibi harusi wa wiki tatu, nimesimama na sinia la kahawa. Ni miaka thelathini na minne sasa, na Ouiza hajawahi kupata mali nyingine.

Tini zake ni nyeusi zenye mistari myeupe, kubwa kama yai la bata. Sijaona nyingine kama hizo katika kijiji chochote nilichofika, na mimi nikifika kijiji huangalia miti kwanza, watu baadaye.

Juni 3

Jana mkono ulichoka kabla sijafika penyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita, mwezi wa Februari, nilikata tawi la mti ule bila ruhusa. Nililipanda kwenye debe nyuma ya banda la kuku. Ouiza alilikuta likiwa na majani manne. Akaling'oa, akalivunja kwenye goti lake, akaviweka vipande kizingitini pangu kama mtu anayerudisha panya aliyekufa kwa mwenyewe. Tangu siku hiyo hajanisemesha. Nami nikaapa mbele ya wanawake wa chemchemi kwamba sitakanyaga hata kivuli cha mti wake. Kiapo kilitoka kwa hasira, na hasira yangu ina sauti, kwa hiyo mashahidi ni wengi.

Sasa penyewe. Sheria ya baraza letu inasema mti uliosimama kwenye ardhi ya mwingine, mwenyewe asipouvuna kwa mkono wake misimu mitatu mfululizo, unarudi kwa mwenye ardhi. Mwenye ardhi ni Meziane, na bustani yote ameniachia mimi. Mwaka juzi Ouiza alivunjika nyonga mwezi wa Julai. Mwaka jana mvua ya mawe ilipukutisha kila kitu. Huu ni wa tatu.

Natakiwa nisifanye lolote. Sijawahi kupewa kazi rahisi hivi.

Juni 6

Joto. Kuku mmoja amekataa kutaga.

Juni 8

Tini dume zimekuwa tayari. Nimeanza kutundika kwenye majike yangu.

Mtini jike usipopata dume unazaa vizuri tu, halafu unazitupa tini zote chini zikiwa changa. Kwa hiyo kila Juni tunachuma zile tini dume ngumu zisizolika, tunazitunga tano tano kwenye unyasi, tunatundika mashada matawini asubuhi mapema. Ndani yake mna vidudu vyenye mabawa, vidogo kama chembe ya pilipili manga, vinatoka humo vinaingia kwenye tini jike, na kazi imekwisha. Mashada yakipungua, tini zinaanguka. Yakizidi, zinavimba kuliko ngozi zao, zinapasuka na kuchacha juu ya mti. Ndiyo maana anayetundika ni mwenye mti peke yake. Ndiye anayejua ametia mangapi.

Ouiza hajaja. Anaishi kwenye chumba cha marehemu mama mkwe, pale juu ya ukuta wa bustani, na hajatoka humo tangu nyonga ivunjike. Meziane humpelekea mkate kila asubuhi na mchuzi ninaoupika mimi. Mchuzi hausemi umetoka kwa nani.

Juni 13, Alhamisi

Sokoni kutwa. Niliporudi nilimkuta Malha kwenye lango langu, anahema.

"Dehbia, dada yangu! Ulikuwa wapi?"

"Leo Alhamisi, Malha. Alhamisi huwa niko wapi?"

"Sokoni," akasema, kama mtu aliyekumbushwa jina la mumewe.

Kwenye nywele zake palikuwa na kipande cha uzi mwekundu wa sufu. Nikadhani anafuma.

Juni 17

Leo wakati wa chakula cha mchana nilimchokoza Meziane.

"Dada yako hatatundika mwaka huu?"

"Dada yangu ana nyonga moja."

"Si amtume mtu."

"Amtume nani? Mimi hajaniomba."

"Wewe unangoja kuombwa?"

Akamega mkate polepole. "Mti wa mtu hauguswi, Dehbia. Wewe kuliko wote unalijua hilo." Kisha akainua macho. "Unaniuliza kwa huruma au kwa hesabu?"

"Kwa hesabu."

"Basi kula, kuskusi inapoa."

Mume wangu ni mtu mpole. Watu hudhani mpole hana anachokifikiria.

Juni 19

Meziane ameamka kabla yangu. Anasema alikuwa akitafuta nyundo.

Juni 21, Ijumaa

Tini za mti ule zimeanza kuanguka. Nimeziona kwa mbali, njano, ndogo kama ncha ya kidole, zimelala kwenye udongo wangu. Nikajisikia kama mtu aliyesikia hodi ya mgeni aliyemngoja kwa miaka. Nilishaanza kufikiria nitakata matawi mangapi mwezi wa pili, na madebe nitayatoa wapi.

Nikainua kichwa.

Dirisha la Ouiza lilikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti, kilemba kichwani, mikono magotini, hanitazami mimi. Anatazama zile tini chini. Moja ikaanguka, na nikaona midomo yake ikisogea. Alikuwa anazihesabu.

Nilidhani najua kila kitu kuhusu bustani hii. Miaka miwili nimepita hapa na ndoo zangu, na sikuwahi kujiuliza dirisha lile limeelekea wapi. Limeelekea mti. Halioni kitu kingine, ukuta umeziba yote. Yule mwanamke kwa miaka miwili amekuwa akitazama mti mmoja, na sasa anautazama unavyomtoka tini moja moja.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilikwenda kuwapa kuku maji, na sikumbuki kama niliwapa.

Juni 23, Jumapili

Naandika haya, na sijui kama ni uzee au ni wazimu.

Saa ya jua kali, watu wote wamelala, dirisha la Ouiza limefungwa, nilichuma tini dume za mwisho, nikatunga mashada kumi na manne, nikavaa viatu vya Meziane ili kiapo kisinihesabie nyayo zangu, nikaingia chini ya kivuli cha mti ule kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Nikatundika haraka, upande wa chini tu, bila kutazama kushoto wala kulia, kama mwizi. Ni kweli nilikuwa mwizi. Nilikuwa nikijiibia mwenyewe.

Nimerudi ndani nikakaa. Nikajiuliza kwa sauti, "Dehbia, umefanya nini?" Nikavua viatu vya Meziane. Mti ulikuwa unakuja wenyewe kama ng'ombe jioni, nami nikatoka kwenda kuufukuza.

Juni 24

Sijamwambia mtu. Nimepika mchuzi, nimeongeza nyama.

Julai 1

Tini zimeacha kuanguka. Zilizobaki zimejaa, zimekaza, kijani kibichi. Nilipita na ndoo nikiimba, mpaka Meziane akaniuliza kama kuna harusi.

Julai 6, Jumamosi

Nilikuwa nimeshavunja kiapo, na kiapo kilichovunjika hakina kazi, basi leo nikaingia chini ya mti kutoa mashada yangu makavu kabla hayajaonekana. Nikatoa kumi na manne. Nikainua uso kupumua.

Juu yangu palikuwa na shada jingine. Halikutungwa kwa unyasi. Lilitungwa kwa kamba ya plastiki ya buluu, ile ya kufungia marobota ya majani makavu. Katika nyumba yetu yupo mtu mmoja anayefunga kila kitu kwa kamba ya buluu.

Nikamkuta kwenye ngazi ya mlango.

"Meziane, suruali yako umeifunga kwa nini?"

Akajitazama. "Kwa kamba."

"Rangi gani?"

"Wewe nawe una maswali. Buluu."

Nikaliweka shada juu ya goti lake. Akaligeuzageuza, kama mtu anayesoma barua ya serikali.

"Lini?" nikauliza.

"Kumi na tisa."

"Siku ya nyundo."

"Siku ya nyundo."

"Mangapi?"

"Kumi na mawili. Nilimwona pale dirishani anazihesabu tini mtini, Dehbia. Nisingeweza kula mkate wangu." Kisha akajikaza. "Najua nimekunyang'anya mti. Sema unayotaka kusema. Lakini mbona umepauka hivyo?"

"Kwa sababu mimi nimetundika kumi na manne."

"Wapi?"

"Hapo hapo."

Akaniangalia kama mtu aliyemkuta mbweha anawatilia kuku maji. Akasimama. Akarudi nyuma. Akakalia kikapu cha mayai, na mayai yalikuwamo.

"Wewe?" akasema kutoka humo kikapuni.

"Mimi."

"Kwenye mti wa Ouiza?"

"Ukiniuliza tena nitakupiga na hilo shada."

Mti ule unataka mashada kumi na mawili. Hesabu anaijua hata mtoto wa kunyonya.

Julai 7

Nilisema nimeshaduwaa vya kutosha kwa mwaka huu. Nilikosea.

Leo asubuhi tuliingia wote wawili, yeye juu ya ngazi, mimi chini, kutafuta mashada yake. Tukapata kumi na moja yaliyobaki. Kisha Meziane akasogeza majani juu ya ngazi.

"Dehbia, wewe unatumia sufu?"

Upande wa ukuta, ndani kabisa ya majani, lilikuwapo shada lenye uzi mwekundu. Na jingine. Na jingine.

Sikungoja ashuke. Nikapanda njia mpaka chemchemi, nikamkuta Malha na ndoo zake, nikamfungulia kiganja.

"Huu uzi ni wa nani?"

Akaweka ndoo chini. "Ouiza alinituma. Alhamisi, ulipokuwa sokoni. Kumi na mawili, alinihesabia mwenyewe kitandani."

"Si ungeingia mchana, mbele yangu? Ni haki yake!"

"Mbele yako? Kwa ule mdomo wako? Hata yeye alisema, 'Nenda siku ya soko, sitaki kelele.' Akaniapisha nisimwambie mtu."

"Na hukumwambia mtu?"

"Hata mume wangu."

Nikakaa kwenye jiwe la chemchemi. Siku ishirini na nne Malha amekaa na siri tumboni na haikutoka. Ningeambiwa mlima umehama nisingeduwaa zaidi.

Mashada thelathini na manane kwenye mti wa kumi na mawili. Zile tini za njano zilizoanguka zilikuwa za kila mwaka tu, mti unapunguza mzigo. Na vidudu vimeshatoka zamani, vimeshaingia kila penye tundu. Hakuna wa kuviita virudi.

Julai 15

Zinanenepa. Wapita njia wanausifu mti. Nawaambia asante, kama daktari anayesifiwa uvimbe wa mgonjwa.

Julai 22

Upepo wa jangwani siku tatu. Vumbi hadi kwenye chumvi.

Julai 23

Upepo.

Agosti 2, Ijumaa

Zimeanza kupasuka.

Nilisikia harufu kabla sijaona. Harufu ya siki, tamu na kali, imejaa bustani. Tini zilikuwa bado hazijaiva sawasawa, nyeusi upande mmoja, na zimechanika kutoka kitovuni mpaka kikonyoni, nyama nyekundu nje, manyigu yamejaa yanalewa humo. Nilisimama na ndoo yangu kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umelala chini. Nilijua itakuja hivi. Nimelijua kwa mwezi mzima. Kujua hakukunisaidia kitu.

Kama tungemwacha Malha peke yake, mti ungekuwa na mavuno. Kama ningekaa na tamaa yangu nyumbani, Ouiza angekuwa na tini. Nimemwangamiza kwa kumwonea huruma.

Dirisha lake lilikuwa wazi. Sikuinua uso.

Agosti 4

Meziane anakusanya zilizopasuka kwenye toroli, anawapa mbuzi. Mimi nafagia chini ya mti. 

"Mti utakuwa wako," ameniambia leo, mara moja tu.

Nilimtupia kitambaa cha vyombo.

Agosti 8

Imebaki moja.

Nimezunguka mti mara nne kuhakikisha. Iko upande wa ukuta, chini ya jani pana, nzima, imekaza, saizi ya kawaida. Sijui ilivikwepaje vidudu vyote vile ikapokea kiasi chake tu. Inaelekea dirishani.

Nimeivika soksi ya Meziane, imefuliwa, nikafunga kwa unyasi, ndege wasiidonoe. Meziane akauliza soksi ya pili nitaifanyia nini. Nikamwambia avae, ana miguu miwili na akili moja.

Agosti 9, Ijumaa

Huku kwetu hakuna anayeruhusiwa kuchuma tini kabla baraza halijatangaza siku, hata kwenye bustani yake mwenyewe. Anayechuma mapema analipa faini, na mavuno yake hayahesabiwi. Kila mwaka siku huwa katikati ya Agosti. Tulitarajia Ijumaa ijayo, tarehe kumi na sita.

Leo mpiga mbiu amepita. Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu! Eti tini za bondeni zimechelewa.

Nikamvizia Dda Hocine, mzee wetu na mkuu wa baraza, alipokuwa anatoka mkutanoni na fimbo yake.

"Dda Hocine, hiyo tarehe haifai."

"Haifai kwa nani?"

"Kwa tini."

"Zipi? Za mitini yako yote thelathini bado zina siku."

"Kuna moja haina siku."

Akasimama. "Dehbia, nimesikia habari za mti wa Ouiza. Siku kumi na nne tu, mwanangu, ulale usingizi. Tini moja ikianguka, mti ni wako, hakuna wa kukulaumu."

Alidhani ananifariji. Nilimwangalia yule mzee mwenye busara zake na nikashindwa kumweleza, kwa sababu hata mimi sijajieleza.

Agosti 12

Ipo.

Agosti 13

Ipo. Imeanza kulainika. Mapema mno.

Agosti 15

Nimeitengenezea kivuli kwa gunia. Jua likipungua, kuiva kunapungua. Hili sikufundishwa na mtu, nililiona kwenye debe la nane miaka mingi nyuma. Ipo.

Agosti 18, Jumapili

Saa tisa mchana mawingu meusi yalipanda kutoka nyuma ya mlima. Mvua ya Agosti ndiyo adui wa tini iliyolainika. Tone moja likiingia kitovuni, kesho imepasuka.

Nikachukua mwavuli, nikapanda kwenye ngazi ya mbao. Meziane alitaka kuchukua zamu, nikamwambia kwa mikono yake hiyo ataiangusha. Mvua ikaja kama ndoo inayomwagwa na mtu mwenye hasira. Mwavuli juu ya tini, mimi nje ya mwavuli. Saa moja na nusu. Meziane akaishika ngazi chini, na baada ya muda akaleta mwavuli wa pili akanifunika mimi, yeye akiwa nje. Hapo ndipo Malha alipopita barabarani na simu yake.

"Dehbia! Unafuga nini hapo juu?"

"Nenda zako!"

"Geuka kidogo, uso hauonekani!"

Picha imefika Marseille kabla mvua haijakatika. Mjukuu wangu anayeishi huko amepiga simu kuuliza kama bibi ni mzima kichwani. Malha ana siku ishirini na nne za kufidia.

Nilipokuwa nashuka niliona dirisha limefunguka kiasi cha vidole viwili.

Agosti 19

Ipo. Mimi nina mafua.

Agosti 22

Ipo.

Agosti 23, Ijumaa

Mbiu ililia asubuhi na mapema, na kijiji kizima kikakimbilia bustanini na vikapu. Mimi sikugusa mti wangu hata mmoja. Nikamtuma Meziane amwite Dda Hocine kuwa shahidi, nami nikapanda kwa Ouiza, kwa kuwa sheria inataka mkono wa mwenyewe.

Nilisimama nje. Miaka kumi na moja. Nikazungumza na mlango.

"Kuna tini moja."

Mlango haukufunguka.

"Baraza linataka mkono wako."

Meziane akafika nyuma yangu, ndipo sauti ya Ouiza ikatoka, na haikunijia mimi. "Meziane, mwambie mkeo anipe kilemba changu cha njano. Asinipe cha buluu, hicho ni cha msibani."

Nikampa cha njano. Meziane akambeba dada yake mgongoni, wazee wawili mmoja juu ya mwingine, wakashuka njia ya mawe wakipumzika kila penye ukuta. Watu waliacha kuchuma wakatazama. Malha alikuwa mbele na simu.

Chini ya mti nikaivua tini ile soksi. Ilikuwa nyeusi, mistari myeupe imetokeza, tone la asali kitovuni. Nzima.

Dda Hocine akaitazama, akajikuna. "Moja? Tini moja si mavuno."

"Sheria imesema ngapi?" nikamuuliza.

"Sheria imesema akivuna."

"Basi?"

Akanigeukia. "Dehbia, unajua huu mti usipovunwa leo unakuwa wa nani?"

"Najua kuhesabu, Dda Hocine."

"Huyu jua limempiga," akawaambia wenzake. Kisha akapiga fimbo chini. "Haya. Achume, nimeona."

Meziane alimwinua. Ouiza akanyoosha mkono, akaizungusha kidogo, ikakatika, maziwa meupe yakatoka kikonyoni. Tukamkalisha kwenye ukuta. Nilitegemea ataila nusu mwenyewe, nusu ampe kaka yake. Akaila yote. Na ganda. Polepole, macho yamefumba, wote tumesimama tunamtazama anatafuna kama watu wanaomngoja imamu amalize dua. Alipomaliza akalamba kidole gumba. Kisha akafumbua macho akanitazama mimi, moja kwa moja, na kunisemesha.

"Umezidisha dume."

Nikamsogelea. "Wifi, ulituona?"

"Dirisha lina ufa. Malha Alhamisi. Kaka yangu Jumatano iliyofuata. Wewe Jumapili, umevaa viatu vya mumeo kama bata."

"Na ukanyamaza? Mti wako wote unapasuka, unakwenda kupotea, ukanyamaza?"

"Ningekukataza vipi?" akasema, na akashangaa kwamba nauliza. "Ningelazimika kukusemesha."

Hakuna aliyecheka. Hata Malha aliteremsha simu. Nilijidhania mimi ndiye mwanamke mkaidi kuliko wote mlimani huku. Kwa miaka thelathini na minne nimeishi chini ya dirisha la aliyenishinda.

Meziane akapiga magoti ili ambebe tena. Ouiza akamshika mabega, akapanda, na akiwa huko juu akageuka.

"Februari uje na kisu. Kikali. Lile tawi la kwanza ulilikata vibaya, mbali na jicho la tawi. Yale majani manne yalikuwa ya uongo. Nilipoling'oa halikuwa na mzizi hata mmoja."

Wakapanda zao.

Agosti 24

Miaka kumi na moja nimekuwa nikiomboleza tawi ambalo lilikuwa limeshakufa.

Nimekinoa kisu. Meziane anasema Februari bado iko mbali. Nimemwambia najua, kisu kizuri hunolewa mapema.